Kaindli

Kibanda changu kiko Juja Road,
kati ya kinyozi na muuza miguu ya kuku.
Kompyuta moja, printa inayokohoa, ukurasa shilingi kumi.
Naandikia watu wasio na muda wa kuandika,
au wenye muda ila Kizungu kimewapiga chenga.

Neno ninalolipiga kuliko majina ya watu
ni kaindli.
Kaindli mnaarifiwa maji yatarudi Ijumaa.
Kaindli lipa karo ama mtoto abaki nyumbani.
Kaindli usikojoe hapa: hilo walitaka herufi kubwa,
likabandikwa ukutani nyuma ya bucha,
na watu wakaendelea kukojoa,
kwa upole.

Mwalimu Wafubwa, darasa la tano, alitufunza
kaindi ni mtu mwema.
Ukurasa uliofuata akasema kaindi ni aina,
aina ya ndizi, aina ya viatu.
Nikainua mkono: sasa ni lipi, mwalimu?
Akasema kaa chini.
Nimekaa. Miaka ishirini na sita
nimekaa na swali lile.

Jumatatu alikuja Bwana Kithinji,
mwenye ghorofa ya bluu kule Huruma
(Huruma mtaa, si ile nyingine),
funguo kumi na nne zikining'inia kidoleni.
Andika, akasema, mpangaji wa namba tisa
atoke kabla ya tarehe tano.
Nikaandika hivyo hivyo.
Akasoma, akakunja uso.
"Hiyo ni kali. Mimi si mtu mbaya. Tia kaindli."
Nikatia.
Sentensi ikanyooka kama shati lililotoka kwa pasi,
na aliyelivaa ni yule yule.
Akatoa hamsini, hakungoja chenji.

Jumatano, mvua,
harufu ya maharagwe ya kuchemsha iliingia kwanza,
kisha Kemunto, sufuria kiunoni,
na karatasi ndani ya mfuko wa unga.
Niliitambua kwa ule mstari mweusi
ambao printa yangu huuacha pembeni.
Sikusema kitu.
"Hapo kwa tarehe nimeelewa," akasema.
"Hili la mwanzo ndilo limenilaza macho."

Kaindli.
Nikalitafutia Kiswahili chake.
Kwa hisani yako? Hisani ina mtoaji na mpokeaji,
na hapa nani kampa nani?
Kwa wema wako? Ulimi ukagoma.
"Ni kama tafadhali," nikasema, nikiangalia kibodi.

Akatua sufuria.
"Kumbe ananiomba?"
Mvua ilipiga bati.
"Na anayeomba, si anaweza kunyimwa?"
Akacheka, kicheko cha mtu aliyekuta noti
kwenye mfuko wa sweta kuukuu.
"Basi mwandikie. Ombi lake nimelipata,
nimelala nalo, nimeamka nalo, na sitaliweza.
Kodi ya miezi miwili ataiona tarehe ishirini,
zamu yangu ya chama ikifika.
Na hilo neno lake liweke mbele kabisa,
asije akasema nimemkosea adabu."

Nikapiga herufi moja moja,
kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake.
Akanipa kumi. Nikamwambia wino umefifia,
ukurasa kama huo silipishi.
Wino haukuwa umefifia.
Akaniachia kikombe cha maharagwe,
nikakila kimesimama koo,
maana zile hamsini za Kithinji
bado zilikuwa kwenye droo.

Leo ni tarehe nne.
Bwana Kithinji amesimama mlangoni,
barua imekunjwa hadi imekuwa ndogo kama tikiti.
Funguo hazilii.
"Wewe unajua Kizungu," anasema.
"Huyu mama ameniandikia kaindli.
Mimi! Ana maana gani?"

Navuta stuli kutoka chini ya meza,
napangusa vumbi kwa kiganja.
Kaa chini, namwambia.